Mazabodi Haichaguliwi kwa Taa

Wananiambia nimestaafu. Sawa, nimestaafu. Mdomo wangu lakini haujastaafu, na mikono nayo ipo, kwa hiyo ninyi vijana mnaojiita mabingwa wa kompyuta, vuteni viti mkae. Kama viti hamna, simameni. Mimi nimesimama nyuma ya kaunta ya Kariakoo karibu umri wangu wote wa utu uzima na miguu haikukatika.

Jina langu Mwantumu, mzaliwa wa Ilala, Mzaramo wa hapa hapa mjini. Mtaa wa Aggrey walinijua kwa jina la Mama Bodi, kwa sababu kazi yangu ilikuwa kuunda kompyuta kubwa za mezani, zile za watu wa video, wachora majengo na watengeneza muziki, na neno langu la kwanza kwa kila mteja lilikuwa hilo: bodi yako ipi? Mazabodi. Wenye vitabu wanaiita ubao mama, nami sina ugomvi nao. Ndiyo ile sahani pana ndani ya kasha ambayo prosesa ile ya kufikiri, ramu ya kumbukumbu, kadi ya picha na vingine vyote vinakaa juu yake, na umeme wa vingi kati ya hivyo unapita kwake kwanza.

Na hapo ndipo mnaponitia hasira. Mtu anakuja Kariakoo na pesa yake nzuri, ananunua prosesa yenye jina kubwa, ananunua kadi ya picha nzito kama tofali, ananunua kioo cha kutazamia kinachojaza ukuta. Mwisho kabisa, miguu imeshachoka na mfuko umeshalegea, anauliza, "Mazabodi ya chenji hii iliyobaki ipo?" Ni sawa na mtu aliyenunua kitanda, kabati na friji, kisha ndiyo anaanza kutafuta chumba. Nimewafokea watu wazima kwa jambo hili, wengine na ndevu zao, na nikiwaona leo nitawafokea tena.

Enzi zile nilipoanza, mteja akiingia alikuwa anatazama juu ya kichwa changu na kuuliza, "Fundi yuko wapi?" Najibu, "Unaongea naye." Anacheka, anasubiri. Mimi naendelea kukaza skrubu. Akichoka kusubiri anauliza tena, nami najibu vile vile, na baada ya hapo ananiambia shida yake kwa sauti ndogo. Sikuwahi kugombana nao kwa hilo. Kiburi changu nilikiweka kwenye kazi, na kazi haijui kama aliyeishika kavaa suruali au kafunga kanga.

Aliyenifunza alikuwa mzee mmoja kutoka Songea, Mzee Hyera, fundi redio aliyekuwa na kibanda nyuma ya Msimbazi. Kompyuta yeye hakuzipenda, alisema zina kelele nyingi na muziki mdogo. Lakini alikuwa na desturi moja ambayo majirani walimcheka nayo. Redio akishaitengeneza, ikaimba vizuri, mwenyewe ameshanyoosha mkono kuichukua, Mzee Hyera anaichomoa, anapanda nayo juu ya bati la kibanda, anavuta waya, anaiwasha tena kwenye jua la mchana na sauti ameifungua yote. Mwenye redio anapiga kelele, "Mzee, si imeshapona?" Naye anajibu kutoka juu, "Imepona kivulini." Redio ikiimba mpaka jua lipungue ukali, anashuka nayo na kuikabidhi. Ikikwama, anashuka nayo na kuifungua upya, wala hatoi maelezo.

Aliniambia hivi: "Binti, kifaa usikijaribu siku yake ya furaha. Kijaribu siku yake ya shida." Na alinifundisha kupima joto kwa mgongo wa mkono, siyo kwa kiganja, maana kiganja cha fundi kimeshakuwa sugu na kinadanganya. Kipimajoto tulikuwa hatuna. Leo ninacho, na bado mgongo wa mkono ndio unaotangulia.

Sasa mnaijua desturi ya Kariakoo. Ukinunua taa, inachomekwa hapo hapo kwenye kaunta. Ukinunua feni, inazungushwa. Ukinunua pasi, unaweka kidole karibu usikie joto. Kimewaka? Kimewaka. Funga mfuko, kwaheri, na ukutani pameandikwa mali ikishauzwa hairudishwi. Kwa balbu desturi hiyo inatosha. Tatizo ni kwamba wenzangu waliihamishia kwenye kompyuta kubwa bila kuibadilisha hata kidogo. Mashine inachomekwa, feni zinazunguka, taa za rangi zinamulika, picha inatokea kwenye kioo, watu wanapiga makofi, mteja anabeba. Hakuna aliyeuliza itakuwaje mchana wa saa nane, kazi imeilemea na chumba kinafukuta joto.

Mimi nilikataa. Mteja akiniuliza, "Tayari mama?" na mashine inawaka kama harusi, nilikuwa najibu neno moja: "Bado." Naipeleka kwenye kona yangu, nazima kiyoyozi, naigeuza feni itazame ukuta, naipa kazi nzito kuliko zote atakazoipa mwenyewe, halafu nakunywa kahawa yangu. Nilikuwa naita kuipika. Bosi wetu wa zamani alinivumilia kwa sababu mashine zangu hazikurudi. Mwanawe Salehe alipolirithi duka, uvumilivu ule hakuurithi.

Niwaeleze habari ya Neema, kwa sababu hiyo ndiyo iliyoleta yote.

Aliletwa na Chidi. Chidi alikuwa winga, wale vijana wanaomdaka mteja barabarani na kumpeleka duka hili na lile, wakiongeza chao juu ya bei. Waswahili husema kizuri chajiuza, kibaya chajitembeza. Kariakoo kibaya hakihangaiki kujitembeza, kimeajiri winga. Na hata hivyo Chidi nilimpenda, alikuwa na maneno ya kumtoa nyoka pangoni.

"Shikamoo Mama Bodi! Leo nimekuletea mteja wa maana, siyo wale wa kuuliza bei na kusepa."

"Marahaba. Mwache aseme mwenyewe."

Alikuwa binti mwembamba, kajifunga mtandio, kakumbatia begi la mgongoni kifuani kama wafanyavyo watu wanaoijua Kariakoo. Ndani mna prosesa kubwa na kadi ya picha ya nguvu, vyote vipya, vyote Chidi kamnunulisha maduka mengine asubuhi ile. Ilibaki mazabodi. Naye Chidi alikuwa ameshaichagua kwenye rafu yetu: nyeusi, ina maandishi ya dhahabu na taa za rangi zote zinazokimbizana pembeni.

Nikamuuliza Neema mashine ni ya kazi gani. Akaniambia anatengeneza katuni za watoto. Alikuwa ameajiriwa kiwanda cha uchapaji, akaacha. Baba yake ana nyumba Magomeni, ile ya Kiswahili yenye fremu ya duka mbele, akampa fremu ile aifanye ofisi mpaka mwaka uishe. Kituo kimoja cha televisheni kimekubali kutazama katuni yake ya kwanza akiimaliza kabla ya likizo ya shule.

"Na usipoimaliza?" nikamuuliza.

"Baba atampa fremu mtu wa huduma za pesa za simu, ameshakuja kuipima. Na mimi narudi kuomba kazi kule nilikoaga."

Alisema bila kulia wala kujichekesha. Nilijiona mwenyewe nimekaa nyuma ya kaunta nasubiri mtu mmoja aache kuuliza fundi yuko wapi.

Nikaishika ile bodi ya taa. Vijana, jifunzeni pa kutazama. Pembeni mwa kiti cha prosesa kuna safu ya vijisanduku vidogo vinavyoupokea umeme na kuupunguza mpaka ufae kunywewa na prosesa. Kazi yake ni ngumu na inavichemsha. Bodi ya kweli huwa imevivika kipande kizito cha chuma chenye mapezi mapezi ili joto litoke. Ile ya Chidi ilikuwa na kifuniko kizuri mno, nikakigonga kwa ukucha, kikalia plastiki. Chini yake kibati chembamba. Prosesa ya Neema ilikuwa mnywaji mkubwa wa umeme, na hapa palikuwa na bomba la kunyweshea kuku.

"Hii haimfai," nikasema.

"Mama, mteja kapenda," akasema Salehe kutoka kwenye meza yake ya pesa. "Mfungie mzigo wake."

"Mambo ya taa hayo mama, ni noma!" akasema Chidi. "Ofisi yenyewe itapendeza."

Sikubishana. Niliunga kila kitu pale pale kwenye kaunta, nikawasha. Taa zikamulika, picha ikaja, na Chidi akapiga makofi mpaka wapita njia wakasimama mlangoni. "Imewaka! Imewaka! Funga mzigo!"

Neema akanigeukia akitabasamu. "Tayari mama?"

"Bado."

Salehe alitoa pumzi puani. Watu walikuwa wanatazama. Nikaivuta mashine kwenye kona, nikazima kiyoyozi, nikamwambia Neema achomeke diski yake atupe kipande kizito kuliko vyote katika katuni yake. Kilikuwa kuku anakimbia mvua uwanjani, na kila tone la mvua na kila unyoya lazima mashine iuchore, picha moja baada ya nyingine. Wenyewe wanaita kurenda. Adhana ya adhuhuri ilikuwa imeshapita muda kidogo. Nikasema tutasubiri mpaka alasiri.

Mwanzoni ilikimbia vizuri na Chidi akanitazama kwa jicho la ushindi. Baadaye ikaanza kusuasua. Prosesa yenyewe ilikuwa poa, feni yake kubwa ilikuwa inafanya kazi yake, nikamwonyesha Neema kwenye kioo. Kisha nikapeleka mgongo wa mkono pembeni, karibu na kile kifuniko cha plastiki, nikaurudisha haraka. Pale palikuwa kikaango cha vitumbua. Hata alasiri haikufika. Mashine ikajizima, kimya, pamoja na taa zake zote.

"Umeme umekatika!" Chidi akapaza sauti.

Sote tukatazama juu. Taa ya duka ilikuwa inawaka, na feni ya jirani ilikuwa inazunguka.

Salehe akainuka. "Mama, umeipika kwa makusudi. Umezima kiyoyozi! Nani anafanyia kazi kwenye joto kama hili?"

"Mimi," akasema Neema.

Salehe hakutegemea sauti hiyo. Neema akaendelea, polepole, akiwa ameushika mtandio wake kwa mkono mmoja. "Fremu yangu ni ya bati, haina kiyoyozi, na mlango unatazama barabara. Jua la mchana linaingia mpaka ukuta wa nyuma. Kaka, ile ndiyo ofisi yangu. Ingezimikia kule, nikiwa na nani?"

Mimi nilikwenda kwenye rafu ya chini kabisa nikatoa bodi iliyokuwa imekaa pale muda mrefu mpaka boksi limefifia. Hakuna winga aliyewahi kuigusa, kwa sababu haina taa hata moja. Rangi yake ya kijivu, sura yake ya kufokafoka kama yangu. Lakini ule upande wa umeme ulikuwa umebeba chuma kizito, chuma kweli, ukiishika unajua.

Hata hivyo sikumfungia hapo hapo, na hili lishikeni. Bodi kuwa na nguvu hakutoshi. Nilitazama kama kiti chake kinaipokea prosesa ile, maana viti havifanani hata kama kwa macho unaona ni vile vile. Kiti kilikuwa chenyewe, ila bodi ilitoka kiwandani kabla ya prosesa, kwa hiyo haikuwa inaijua. Bahati ilikuwa na kile kitufe cha nyuma cha kuilisha programu mpya kwa flashi, bila prosesa kuwekwa. Bodi ya kazi kubwa isiyo na kitufe hicho mimi siichukui, mtajanunua mkae mnatazama kioo cheusi. Nikapima kama kadi yake nene ikikaa itaziba nafasi ya kadi nyingine, kwa sababu mtu wa katuni ataongeza tu, leo au kesho. Nikahesabu nafasi za diski zile nyembamba zinazolala juu ya bodi, nikaangalia isije ikawa ukiijaza moja, nyingine inakufa, jambo ambalo limeandikwa kwa herufi za sisimizi kwenye kitabu cha ndani ya boksi na hamkisomi. Ramu nikamwekea mbili za jamii moja, nikamwachia nafasi mbili za kukua. Mwisho nikapima kasha lake, maana nimewahi kumwona mtu anakata kasha kwa msumeno wa chuma barazani kwa sababu bodi imegoma kuingia.

Tukaipika kesho yake, kuanzia jua kali mpaka alasiri ikaingia na kutoka. Kuku alikimbia mvua yake yote, unyoya kwa unyoya. Nikapeleka mgongo wa mkono nikauacha pale pale, joto la kawaida, la chai ya kunyweka. Chidi naye alikuwepo, alirudi mwenyewe bila kuitwa, akanyoosha mkono akapima kama nilivyopima mimi.

"Tayari mama?" Neema akauliza.

"Haya, sasa chukua," nikamwambia.

Alipoondoka na bajaji, mashine mapajani, Salehe aliniita stoo. Hakunifokea, kijana ana adabu. Alisema duka si maabara. Alisema lile neno langu la bado linafukuza wateja, na kuanzia siku ile nijaribu mashine kwenye kaunta kama wenzangu, ikiwaka iende. "Mkataa pema, Mama, pabaya panamwita."

Nikamwambia, "Salehe, mteja ukimwambia bado, ananuna kisha anasubiri. Ukimpa mashine ikamzimikia, yeye harudi. Wanarudi ndugu zake, na hawaji kununua."

Niliendelea kusema bado. Kila siku, kwa kila mashine, na kwa sauti zaidi kuliko zamani. Ninyi mnadhani nilikuwa jasiri? Nilikuwa na hofu, nina nyumba na wajukuu. Ila nilikuwa naiona ile fremu ya bati ya Magomeni ambayo sijawahi kufika, na ulimi ulikuwa unakataa kusema tayari.

Mwaka ule haujaisha, Salehe alinunua keki. Juu yake pameandikwa pumzika Mama, kwa sukari ya waridi. Alitoa hotuba nzuri akasema wakati wa vijana umefika na mimi nimeshafanya sehemu yangu. Niliikata keki mbele ya wote. Katikati haikuwa imeiva, unga ulikuwa mbichi kabisa. Nikawaonyesha kwa kisu, nikasema hii nayo mmeitoa kwa haraka. Walicheka mpaka Salehe akacheka, na mimi nikabeba bisibisi zangu nikaenda nyumbani Ilala. Nilipofika nililia. Siyo kwa ajili ya kazi, kwa ajili ya kona yangu, maana nilijua jioni ile ile wataweka rafu ya vifuniko vya simu.

Tangu hapo nasikia mengi. Kompyuta za mezani zimekufa, wanasema, watu wanabeba kila kitu kwenye simu. Mama Bodi kapitwa na wakati. Wanaosema hivyo hawajui kwamba ng'ombe hazeeki maini. Wapo vijana wanaokuja barazani kwangu na bodi zao kwenye mfuko wa nailoni kabla hawajanunua kitu kingine chochote, nami nagonga vifuniko vyao kwa ukucha. Chidi ndiye anayewaleta. Siku hizi anawaambia njiani wasinunue prosesa kwanza.

Juzi Neema alinipigia. "Mama, shikamoo. Naomba uje Magomeni unione, kuna jambo."

Nilikwenda mchana, jua limesimama. Fremu nimeikuta na jina lake limeandikwa juu ya mlango kwa rangi ya bluu, na baba yake ameketi nje kwenye kiti cha plastiki anawaambia wapita njia kwamba yule kuku wa kwenye televisheni anatoka humu ndani. Mzee alinipa mkono akaushika muda mrefu. Yule mtu wa huduma za pesa, akaniambia, alikwisha kupata fremu kwingine.

Ndani kuna vijana aliowaajiri, kila mmoja na meza yake. Walinisalimia vizuri, kisha mmoja wao, mwenye miwani, akasema kwa heshima kwamba bodi ya mashine kubwa sasa imezeeka. Zimetoka mpya nyingi, kiti chake kimeshaachwa na kiwanda, hana ubaya nayo ila wakati wake umepita. Neema alikuwa ananitazama mimi. "Ndilo jambo nililokuitia, Mama. Wanasema tuipumzishe."

Niliwaambia waipe kazi nzito waliyokuwa nayo. Wakaipa. Nikazima feni, nikavuta kiti, na bati la juu lilikuwa linalia kwa jua. Jasho lilitutoka sote. Tulipokaa vya kutosha nikafungua ubavu wa kasha, nikapeleka mgongo wa mkono pale pembeni mwa prosesa, kwenye kile chuma cha kijivu, nikauacha.

"Je, Mama?" akauliza Neema. "Imechoka?"

"Bado," nikamwambia, na nikamtuma kijana wa miwani akalete chai.